Nguo Kabatini: Jinsi ya Kuzikinga na Unyevu, Nondo na Dawa Zenye Madhara

Shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, sare ya mtoto huvuliwa, hukunjwa haraka na kutiwa kwenye begi au kusukumwa chini ya kitanda. Kola ina mafuta ya ngozi, makwapa yana jasho, na mfukoni huenda mna makombo ya mandazi. Januari, siku mbili tatu kabla ya shule kufunguliwa, mzazi hufungua begi hilo na kukuta shati lina madoadoa meusi na sweta lina matundu. Madoa hayo wazee wa Pwani huyaita kawa. Mzazi mwenye watoto watatu anapolazimika kununua sare upya katika mwezi ule ule wa vitabu na karo, hasara hiyo si ndogo. Na hakuna wa kulaumiwa kwa kucheza ovyo, kwa maana nguo iliharibika ikiwa imetulia.

Hali hii inawahusu wakazi wa Kilifi kuliko Wakenya wengi, kwa sababu ya hewa ya bahari na kwa sababu likizo hiyo huangukia mvua za vuli. Lakini nguo nyingi zinazopotea kwa njia hii zinaweza kuokolewa bila kununua chochote. Kuna pia jambo moja ambalo watu hununua ili kulinda nguo, nalo linaweza kumdhuru mtoto mchanga. Jambo hilo litaelezwa kwa urefu hapa chini.

Unyevu ndio adui wa kwanza

Ukungu unaoleta kawa ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo mno, zimo hewani kila mahali, na huota zinapopata unyevu, joto na chakula. Mtwapa, Kilifi mjini, Watamu na Malindi havikosi viwili vya kwanza. Hewa iliyofungiwa ikibaki na unyevu wa zaidi ya takriban asilimia 70 kwa siku kadhaa, ukungu unaweza kuota kwenye nguo hata kama hakuna tone la maji lililoiangukia. Pwani hewa hufikia kiwango hicho siku nyingi za mwaka, na zaidi wakati wa masika, ambayo kwa kawaida huwa makali mwezi wa Mei.

Chakula cha ukungu ni jasho, mafuta ya mwili, mabaki ya sabuni, kanji iliyotiwa kwenye kanzu na kola, na hata pamba yenyewe. Mkazi hawezi kubadilisha hewa ya bahari, lakini anaweza kuunyima ukungu chakula na kuhakikisha kwamba hewa iliyo ndani ya kabati haikwami humo.

Kwa hiyo nguo itakayokaa wiki kadhaa bila kuvaliwa inafaa ifuliwe kwanza, hata kama ilivaliwa mara moja tu. Hapa ndipo wengi hukosea. Kanzu ya Idi au gauni la harusi huvaliwa saa chache, huonekana safi, hurudishwa kabatini. Miezi sita baadaye shingo na makwapa vimegeuka manjano. Uchafu huo ulikuwepo tangu siku ile, ila ulikuwa hauonekani. Mafuta ya mwili hubadilika rangi kadiri yanavyokaa kwenye kitambaa. Kuipiga pasi nguo ya namna hiyo bila kuifua ni kosa kubwa zaidi, kwani joto huligandisha doa ndani ya nyuzi.

Kufua peke yake hakutoshi. Sabuni isiyosuuzwa vizuri hubaki kwenye kitambaa na kuvuta unyevu. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, ikitiwa nyingi au isiposuuzwa, hudhoofisha nyuzi za pamba, na shati huja kuchanika mgongoni wakati mvaaji anapoinama. Nguo iliyotiwa dawa hiyo isuuzwe kwa maji mengi mpaka harufu iishe.

Kukausha kabla ya kukunja

Nguo haikauki kwa usawa. Kitambaa cha mbele hukauka mapema, lakini mshono wa bega, kola yenye tabaka mbili, ndani ya mifuko na pindo lenye mpira hubaki na maji kwa saa nyingi zaidi. Njia rahisi ya kupima ni kugusisha pindo la kiunoni shavuni. Likihisi ubaridi, bado lina maji, hata kama mkono unasema limekauka.

Nguo zianuliwe alasiri jua likiwa bado kali. Zikiachwa kambani hadi magharibi huanza kunyonya unyevu wa jioni, na anayeziingiza ndani saa moja usiku huwa ameanua nguo mbichi. Iliyopigwa pasi kwa mvuke au kwa kunyunyiziwa maji nayo iachwe ipoe na kupata hewa kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kukunjwa.

Jua hukausha vizuri lakini hufifisha rangi. Leso zenye rangi kali na marinda ya sare yaanikwe upande wa ndani ukiwa nje, na yaondolewe mara tu yanapokauka. Wengine huamua kuanika kivulini ili kuokoa rangi, au kutandaza nguo kwenye majani na mchanga. Kuna nzi anayependa mahali kama hapo. Hutaga mayai kwenye nguo yenye unyevu, na buu wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kuleta uvimbe unaofanana na jipu. Kamba iliyo juu, penye upepo na jua, ndiyo kinga ya kwanza. Pasi ya moto inayopitishwa vizuri kwenye mishono na mapindo, ndani na nje, huua mayai yaliyosalia. Nepi na nguo za ndani zisikose pasi msimu wa mvua.

Kabati, sanduku na mfuko

Kabati la mbao lina faida moja kubwa: mbao hupumua. Hasara yake ni mahali linapowekwa. Kuta za nyumba nyingi za Pwani, hasa za mawe ya matumbawe, hunyonya maji ya mvua na ya ardhini na kuyatoa polepole. Kabati lililobanwa ukutani hupata ukungu nyuma, na ukungu huo huhamia kwenye nguo. Nafasi ya upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta inatosha kupitisha hewa. Milango ifunguliwe kwa saa mbili tatu siku kavu, angalau mara moja kwa wiki, na rafu zisijazwe hadi nguo zikashindwa kusogea.

Sanduku la chuma, lile la kwenda nalo shule ya bweni, huzuia panya na mchwa kuliko kitu kingine chochote. Lakini halipitishi hewa, na usiku linapopoa, unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani unaweza kuganda kwenye bati. Kutu ikianza, doa lake la kahawia halitoki kwa sabuni. Sanduku litandikwe kitambaa safi cha pamba chini na pembeni, na lifunguliwe lipigwe na hewa kila baada ya wiki mbili.

Plastiki ndiyo yenye udanganyifu zaidi. Tangu Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, familia nyingi zimehamia magunia ya sandarusi, mabeseni yenye vifuniko na vifuko vya nguo vinavyotoka kwa dobi. Vyote hivi huzuia vumbi. Huzuia pia unyevu uliobaki kwenye nguo usitoke. Nguo iliyokauka sawasawa inaweza kukaa kwenye beseni la plastiki bila shida. Iliyo na unyevu kidogo tu itatoka na kawa. Kifuko cha dobi kitolewe siku hiyo hiyo, na suti au buibui lifunikwe kwa shuka kuukuu la pamba.

Upande wa Ganze na Bamba, ambako hewa ni kavu zaidi, tatizo hugeuka. Huko vumbi na mchwa ndio huharibu nguo kabla ya ukungu kupata nafasi. Mchwa hula pamba kama alavyo mbao, na katika nyumba ya sakafu ya udongo anaweza kuingia chini ya sanduku la mbao au gunia bila kuonekana mpaka fungu zima limetobolewa. Sanduku liinuliwe juu ya mawe au matofali, mbali na ukuta, na chini yake paangaliwe kila wiki.

Kukunja au kutundika

Sweta na nguo nyingine za kufumwa zikunjwe. Zikitundikwa, uzito wake huzivuta na kuziachia vishimo mabegani. Mashati, makoti na kanzu zinaweza kutundikwa, ila si kwenye henga za waya tupu. Waya hupata kutu katika hewa ya chumvi. Waya uliozungushiwa kitambaa unafaa.

Leso na shuka zinazokaa muda mrefu hukatika penye mikunjo, kwa sababu nyuzi za pale hupinda na kubanwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka. Kila zinapotolewa kupigwa hewa zikunjwe kwa mstari tofauti. Hando la bibi, ambalo haliwezi kukunjwa upya bila kuvuruga marinda yake, ni afadhali lizungushwe kwa kitambaa safi na kulazwa juu ya nguo nyingine, lisilaliwe na chochote.

Nondo na wenzake

Nondo anayeonekana akiruka chumbani hali nguo. Anayekula ni buu wake, na chakula chake ni vitu vilivyotokana na wanyama: sufi, manyoya, hariri. Ndiyo maana sweta la sare lenye sufi hutobolewa huku shati la pamba lililo kando yake likibaki zima. Lakini pamba yenye jasho au mchuzi huguguniwa pia, na hiyo ni sababu nyingine ya kufua kabla ya kuhifadhi. Buu huyo hupenda giza na utulivu. Nguo inayotolewa mara kwa mara, ikakung'utwa na kuanikwa juani, haimfai.

Mende, pamoja na yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha akimbiaye kama samaki, hufuata kanji na makombo. Kwa hiyo nguo ya kuwekwa kwa miezi isitiwe kanji. Itiwe siku ya kuvaliwa.

Mitumba inahitaji uangalifu wake. Fungu lililotoka Kongowea au soko lolote limepitia maghala na mabalo mengi, na linaweza kuleta mayai ya wadudu nyumbani. Lifuliwe na kukaushwa kabla ya kuchanganywa na nguo zilizoko kabatini.

Vidonge vyeupe na mtoto mchanga

Wengi wakiona nondo au mende hukimbilia vile vidonge vyeupe vya mviringo vyenye harufu kali, vinavyouzwa dukani au kwa wachuuzi, mara nyingi vikiwa vimefungwa vichache vichache bila maandishi yoyote. Hutengenezwa kwa kemikali iitwayo naftalini, au nyingine iitwayo paradiklorobenzini. Kidonge hupungua polepole kwa kugeuka mvuke, na mvuke huo ndio huua wadudu. Ndio pia huingia kwenye nyuzi za nguo na kukaa humo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, harufu hiyo inaweza kuleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu ikizidi. Kwa baadhi ya watoto wachanga hatari ni ya namna nyingine. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Upungufu huu hurithiwa, huwapata wavulana zaidi, na ni wa kawaida katika sehemu ambazo malaria imekuwepo kwa vizazi vingi, Pwani ya Kenya ikiwemo. Wengi walio nao hawajui, kwa sababu hauleti dalili yoyote mpaka mwili ukutane na kitu kinachouchokoza. Naftalini ni mojawapo ya vitu hivyo. Huvunja chembechembe nyekundu za damu kwa kasi, na mtoto hupungukiwa damu na kugeuka manjano. Kwa mtoto wa siku chache, manjano ikipanda sana inaweza kuharibu ubongo au kumuua.

Jinsi inavyotokea ni ya kawaida kabisa. Nguo za kifungua mimba, shali lake na blanketi lake, hutiwa sandukuni pamoja na vidonge hivyo. Miaka miwili mitatu baadaye mama anakaribia kujifungua tena, sanduku linafunguliwa, na mtoto mpya anafungwa ndani ya blanketi linalonuka vidonge, mwili wake ukiwa umepakwa mafuta. Mafuta hayo hurahisisha kemikali kupenya ngozini, na pua yake iko ndani ya kitambaa usiku kucha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Sanduku lilitunzwa kwa upendo, na hilo ndilo linalofanya onyo hili liwe gumu kusikika.

Nguo, neti, mashuka na mablanketi ya mtoto mchanga yasiwekwe kabisa pamoja na vidonge hivi, wala visiwekwe katika chumba anacholala. Nguo ambazo tayari zina harufu hiyo zianikwe nje penye jua na upepo kwa siku kadhaa, zifuliwe kwa maji moto na sabuni, kisha zianikwe tena. Harufu ikiwa bado ipo, mtoto asivishwe. Kuzivisha huku mtu akitumaini kwamba harufu itaisha yenyewe ni kubahatisha.

Mtoto aliyevishwa nguo za aina hiyo akianza kuwa na macho au ngozi ya manjano, akipauka viganja na midomo, akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, akikataa kunyonya au kulegea, apelekwe hospitali mara moja. Mhudumu aambiwe kuhusu vidonge hivyo bila kungoja aulize, na pakiti yake ibebwe kama ipo. Kumuanika mtoto juani nyumbani kusichukuliwe kuwa tiba.

Watoto wanaotambaa nao hudhani vidonge hivi ni peremende. Aliyemeza hata kimoja apelekwe hospitali bila kusubiri dalili, na asipewe maziwa wala mafuta njiani, kwa kuwa mafuta huongeza kasi ya kemikali kuingia mwilini. Kwa sababu kama hizo, dawa ya kupulizia kunguni, mende au mimea shambani isinyunyiziwe nguo. Haikutengenezwa kugusa ngozi ya mtu siku nzima.

Kinachoweza kutumika badala yake

Majani ya mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, yamewekwa kwenye nguo na nafaka za Pwani tangu zamani. Yakaushwe kivulini, yafungwe kwenye kitambaa chepesi ili yasiache rangi, na yabadilishwe harufu yake inapofifia. Karafuu kavu hutumika vivyo hivyo. Vyote viwili hufukuza wadudu kwa kiasi. Haviui buu aliyekwisha kuingia, kwa hiyo haviwezi kuchukua nafasi ya kufua na kuanika. Makaa safi ndani ya kopo lenye matundu husaidia kidogo kuondoa harufu ya unyevu, mradi kopo lisigusane na nguo nyeupe.

Udi hunukisha nguo, na hakuna harusi ya Pwani itakayoombwa iuache. Lakini kufukiza nguo kwenye chetezo hakuzilindi zikiwa sandukuni. Zifukizwe siku ya kuvaliwa, na chetezo chenye kaa la moto kisiachwe peke yake chini ya leso.

Sare iliyokwisha kupata kawa

Kawa ikigunduliwa mapema hutoka. Nguo ipelekwe nje kwanza na kusuguliwa kwa brashi kavu, kwa sababu kuikung'uta ndani hutawanya mbegu za ukungu chumba kizima, na wenye pumu huathirika. Kisha ianikwe juani, ifuliwe kwa maji moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Shati jeupe la pamba linaweza kulowekwa kwenye dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, ndimu au dawa ya choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Kwa nguo za rangi, chumvi na maji ya ndimu vipakwe kwenye doa, nguo iachwe juani hadi ikauke, kisha isuuzwe. Upande wa ndani wa pindo ujaribiwe kwanza. Doa lililokaa miezi mara nyingi huwa limekula nyuzi, na hapo hakuna dawa itakayolirudisha shati lilivyokuwa.

Kabati au begi lililotoa nguo zenye kawa lisafishwe kwa maji ya sabuni na kuachwa wazi juani kabla ya kutumiwa tena. Mzazi mwenye watoto wa shule anafaa kuifungua sare katikati ya Desemba badala ya Januari. Wakati huo bado kuna nafasi ya kufua, kushona pindo, kubadilisha mpira wa kiunoni na kuona ni shati gani limembana mkubwa na sasa linamfaa mdogo wake.